Mkanda wa Kiti cha Mbele

Najua mtakavyosema. Mtasema huyu mama alikuwa amepigwa na jua, au alikuwa ameonja pombe ya ndizi, au anatafuta tu la kusemwa sokoni. Semeni. Mimi ni mtoto wa kambini, baba yangu alikuwa askari, na tangu utotoni nimefundishwa kutoa ripoti ya nilichokiona, si nilichoambiwa. Hiki nilikiona kwa macho yangu haya. Tena si usiku, maana visa vya usiku hata mimi huvicheka. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, kuku wanachakura uani kwangu hapa Bwera, na redio ya jirani inatangaza bei ya kahawa.

Lakini niwaanzie kwenye gari, maana bila gari lile haya yote yasingetokea.

Mume wangu anaitwa Bwambale, mtoto wa pili wa kiume kwao. Wa kwanza alikuwa Baluku, na mama yao tulizidi kumwita Mama Baluku hata baada ya Baluku kufariki. Huyo Baluku alikuwa amekodi shamba kule Mubuku, kwenye mradi wa umwagiliaji, analima vitunguu. Akija kutusalimia unajua amefika kabla hajabisha hodi, harufu inamtangulia. Nilikuwa nikimtania, "Shemeji, siku ukioa mke wako hatalia usiku?" naye anacheka mpaka anashika ukuta.

Alifia huko huko Mubuku, homa ya ghafla, msimu ambao mto Nyamwamba ulifurika ukavunja daraja. Wanajeshi ndio waliotusaidia kuuvusha mwili kwa lori lao, na tuliwashukuru sana. Lakini ndani ya lori lile hapakuwa na mtu wa ukoo hata mmoja. Bwambale alikuwa amekwama upande huu wa mto, na mama yuko Bwera anasubiri. Shida yetu ilianzia hapo.

Kwa watu wa mume wangu, mtu akifia mbali hasafirishwi kimya kimya kama gunia. Mtu wa kwao hukaa naye garini, na kila wanapofika mtoni humwambia: tumefika mto fulani, tunavuka, twende nyumbani. Asipoambiwa, mwili unavuka lakini mwenyewe anabaki ng'ambo. Mimi si wa huku. Kwetu ni mashariki, nyuma ya Tororo, na nilipoolewa desturi hii ilinichekesha kidogo. Mama Baluku haikumchekesha hata kidogo. Miaka yote ile alikuwa akimwota mwanawe amesimama ukingoni mwa Nyamwamba, suruali ameikunja, anauliza mbona mnaniacha.

"Ile tulizika hapa ni mwili tu," alikuwa akituambia. "Mutoto yangu mwenyewe iko kule kwa maji."

Dawa yake ilijulikana. Unarudi mahali alipofia, unamwita, unampa kiti, unamsindikiza hadi kwao ukimwambia kila mto. Nikasema, mama, si twende kwa teksi tu? Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Utampaje marehemu kiti ndani ya teksi, kondakta anapakia watu juu ya watu? Gari la kukodi je? Lina mwenyewe. Hata haya yaliyotumika ya kutoka Japani, ambayo kila mtu Uganda ndiyo anayonunua, aliyakataa.

"Gari ya mutu ingine iko na batu yake," alisema. "Benye balikaa mule balikwenda wapi? Unajua? Mimi nataka kiti chenye hakuna mutu alikaa."

Gari jipya, basi. Sisi wakulima wa kahawa! Jambo hilo likitajwa Bwambale alikuwa akiinuka anakwenda kuangalia ng'ombe hata kama ng'ombe wamelala. Na mama presha inapanda, daktari ameshatuambia moyo wake umechoka. Alichokuwa akimwomba Mungu ni kimoja tu, mwanawe awe nyumbani kabla yeye hajafa.

Sasa sikia. Kulikuwa na kampuni upande wa Kampala, ya watu binafsi, iliyokuwa ikiunganisha magari madogo. Sitaitaja, na hata ningeitaja haipo tena. Ilikuwa inazama. Wafanyakazi wanaachishwa, mitambo inauzwa, na magari ya mwisho yaliyobaki uani kwao yanatolewa kwa nusu ya bei. Bwambale aliliona tangazo kwenye simu akaja mbio jikoni kunionyesha. Jipya! Nusu ya bei! Na mwaka huo kahawa ilikuwa imetuheshimu. Mama mwenyewe alitoa ng'ombe wake zizini auzwe, akamsindikiza hadi barabarani akimpapasa shingo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lile lilijitembeza hadi mjini Kasese, juu ya lori, pamoja na muuzaji wake.

Tulikutana naye karibu na paki ya teksi. Kijana wa mjini, suti imembana, kila mara anatazama simu. Gari lilikuwa dogo, jeupe, linang'aa, viti vyote vimevikwa nailoni. Mama Baluku hakutazama injini wala matairi. Alifungua mlango wa abiria wa mbele, akaweka kiganja juu ya kiti.

"Wewe, mutoto. Hapa kuna mutu alikaa?"

"Nyabo, hii ni mupya," kijana akajibu, nyabo ndiyo bibi kwa Waganda. "Imetoka kiwanda, imepanda lori, imefika. Hakuna mutu."

"Apa kwa Mungu."

"Haki ya Mungu, nyabo."

Aliapa huku anatazama simu. Mimi nikaona kwamba nailoni ya kiti kile ni mpya kuliko za viti vingine, haina vumbi wala mkunjo, na nikasema kwa sauti. Kijana akasema ile ya kwanza ilichanika njiani. Bwambale akanikanyaga mguu, maana ufunguo ulikuwa umeshaingia mfukoni mwake na hakutaka utoke tena.

Hatukwenda nyumbani. Tulielekea Mubuku moja kwa moja, Bwambale kwenye usukani, mama na mimi nyuma, kiti cha mbele kitupu. Kando ya shamba lililokuwa la Baluku mama alishuka, akafungua ule mlango wa mbele, akaita kwa Kikonzo, lugha yao. Aliita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula. Watu waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakavua kofia. Halafu akaufunga mlango taratibu, tukaondoka. Hakuna kilichotokea. Nilimwona mama anakikodolea macho kile kiti, midomo inamcheza, nikamwonea huruma.

Tukafika Nyamwamba. Daraja limeshajengwa, maji ni ya kawaida tu, mawe yametapakaa pande zote. Mama akaweka mkono begani mwa kiti cha mbele akasema maneno yake kwa Kikonzo. Kisha akageuka kunitazama mimi, mkwe wake wa kutoka mbali, akayarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisiachwe nyuma.

"Mutoto yangu, tunafika Nyamwamba. Tunavuka. Twende nyumbani."

Ti-ti-ti-ti-ti!

Gari likaanza kulia. Taa nyekundu ikawaka mbele ya Bwambale, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na mkanda. Mnayajua magari haya mapya. Mtu akikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, gari linapiga kelele mpaka afunge. Lakini pale hapakuwa na mtu! Hapakuwa hata na mfuko wa sukari. Bwambale alisimama katikati ya daraja, lori nyuma yetu likapiga honi, hakuna aliyejali. Mama alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Amekaa! Bwambale, kaka yako amekaa! Mufunge mukanda!"

Bwambale, mtu mzima mwenye ndevu, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu machozi yanamtiririka, akauchomeka. Gari likanyamaza.

Toka hapo kila mto mama alisema maneno yake, Kikonzo kwanza, Kiswahili baadaye. Tulipopita Kinyamaseke tulikuwa tunaimba nyimbo za kanisani. Nyumbani majirani walitujia na vigelegele. Mama akafungua mlango wa mbele, akasema, "Shuka, mutoto yangu, umefika," tukachinja mbuzi. Siku hiyo mama alilala fofofo, hakuota kitu. Na mimi niliyekuwa naicheka desturi nilikaa kimya nikala nyama yangu kwa heshima.

Laiti kisa kingeishia hapo.

Siku chache baadaye Bwambale alikuwa shambani na mama amejilaza ndani. Mimi nilikuwa naanika kahawa uani. Nikainua kichwa, nikaona mtu ndani ya gari. Amekaa kiti cha mbele, kijana, amevaa ovaroli ya buluu, anatazama mbele kama abiria anayemsubiri dereva. Mnadhani niliogopa? Nilikasirika! Nilijua ni mtu wa ile kampuni, wametuma mtu kuja kuchokonoa gari letu bila hata kubisha hodi. Nikaliendea kwa sauti ya baba yangu.

"Wewe! Nani amekuruhusu kuingia humo?"

Akageuza uso. Uso wa adabu, umechoka sana. "Samahani, mama. Naomba maji ya kunywa."

Hasira ikaniishia hapo hapo, kwa sababu matamshi yale nayajua. Nimekaa Bwera miaka mingi bila kuyasikia.

"Kwenu ni wapi?"

"Nyuma ya Tororo, mama."

"Kumbe ndugu yangu!" Nikaenda haraka mtungini, nikachota kikombe, nikarudi. Nilikuwa bado natembea alipouliza, "Hapa ni wapi?"

"Bwera."

"Ni karibu na kwetu?"

Nikacheka. "Mwanangu, hapa ukirusha jiwe linaangukia Kongo."

Yeye hakucheka. "Yule mama alisema twende nyumbani," akasema. "Kila daraja alisema. Kule stoo hakuna mtu aliniambia kitu. Nikafikiri ni mama yangu."

Maneno niliyasikia, ila akili ilikuwa haijayapokea. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kumpa maji. "Haya, chukua," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Mlinifunga. Hamkunifungua."

Na kikombe kikagonga kioo.

Mnanielewa? Kioo kilikuwa kimefungwa! Vioo vyote vilikuwa juu tangu Bwambale alipoliegesha. Muda wote ule nilikuwa nazungumza na mtu aliye nyuma ya kioo kilichofungwa, na sauti yake nilikuwa naisikia hapa, sikioni. Maji yakanimwagikia kifuani. Nikainama kuchungulia ndani, na kiti kilikuwa kitupu.

Ila mkanda. Mungu wangu, ule mkanda! Ulikuwa umechomekwa tangu siku ya daraja. Katika furaha yetu tulimfungulia mlango, tukamwambia shuka, na hakuna aliyekumbuka kumfungua mkanda. Na haukulala bapa juu ya kiti. Ulikuwa umevimba kuja mbele, umezunguka kifua ambacho hakipo. Nilisimama nikautazama ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, taratibu, kwa pumzi ya mtu.

Msiniulize miguu niliipata wapi. Ningeweza kukimbia, na nisingelaumiwa. Lakini mtu wa kwetu alikuwa ameomba kufunguliwa. Nikauchukua ufunguo msumarini, nikafungua mlango, nikabonyeza pale kwenye kitufe. Mkanda ukiuachia huruka wenyewe. Ule haukuruka. Ulirudi polepole, umeshikwa na mkono wa mtu mwenye adabu asiyetaka kuniumiza vidole. Ndipo nikakaa chini juu ya kahawa yangu, nikamngoja Bwambale mpaka aliporudi.

Bwambale hakuniamini. Aliwasha gari. Ti-ti-ti! Akatabasamu, akasema si unaona, ni kaka anataka tutembee.

"Baluku alivaa ovaroli ya buluu lini?" nikamuuliza. "Baluku alizaliwa Tororo lini?"

Tabasamu likamkauka. Akampigia yule muuzaji. Nikasikia kijana anazungukazunguka, mara mtandao mbaya, mara yuko kwenye mkutano. Nikaipokonya simu. Sauti niliyoitumia ndiyo ile baba yangu aliyokuwa akiwatumia askari wapya.

"Simama hapo hapo! Nani alikufa ndani ya gari letu?"

Akasema, "Afande… nyabo… ni Wafula. Alikuwa fundi. Kiwanda kikifunga hakuwa na mahali ya kulala, analala kwa gari ndani ya stoo. Asubuhi walimukuta kwa kiti, ameenda na usingizi. Lakini gari haina kosa, nyabo! Ni mupya. Ni mutu tu alikaa."

"Mwili ulipelekwaje kwao?"

"Lori ya vyuma kukuu ilikuwa inaenda Tororo. Ikamubeba."

"Nani alikaa naye?"

"Dereva iko mbele. Yeye iko nyuma, na vyuma."

Nilikata simu. Tulitazamana, mimi na mume wangu, sote tunawaza jambo moja. Mama yuko ndani, amelala usingizi mzuri, anaamini mwanawe amerudi. Nani atamwamsha amwambie?

Tulimwambia pamoja. Nilikuwa nimeshika dawa zake mkononi, nimejiandaa kwa kilio. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo Baluku hakupanda."

"Hakupanda, mama."

Akauliza, "Mama ya huyu kijana angali muzima?"

Bwambale akasema hilo si letu. Akataka tumwite mchungaji aombe amfukuze, kiti kibaki wazi, twende tukamchukue Baluku. Alisema kwa hasira, lakini najua ilikuwa hofu.

"Mumufukuze aende wapi?" mama akasema. "Mimi nilimuita mutoto ya mutu ingine. Akanijibu. Sasa iko mukononi mwangu. Kiti kimoja hakikaliwe na batu babili, Bwambale. Huyu kwanza."

"Mama, Tororo ni mwisho wa nchi. Na moyo wako?"

"Moyo wangu ndiyo unasema."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tungefanyaje? Muuzaji alitutumia maelekezo ya kwao Wafula, nadhani ili nisimpigie tena. Mama akaketi nyuma na mimi, lakini kwanza akaufunga ule mkanda kwa mkono wake, akasema, "Mutoto, tunakupeleka. Tutakufungua." Akaanza upya. Nyamwamba akaitaja. Mto Mubuku akautaja, na tulipopita shamba la vitunguu aligeuza uso upande wa pili. Mpanga pale Fort Portal akaitaja. Jinja, alipouona mto Nile kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliuliza kama maji yote yale ni ya mto mmoja. Nikasema ndiyo. Akasafisha koo akamwambia Wafula tunavuka, na mimi nikarudia kwa lugha ya kwetu.

Kwao Wafula ni nyumba ndogo ya bati kando ya mihogo. Kabla hatujashuka, mama mmoja mwembamba alitoka jikoni ameshika kikombe cha maji. Hakutusalimia. Aliuliza, "Ni nani kati yenu anayeniomba maji? Kila mchana ananiomba, nikitoka simwoni."

Nilimweleza, sijui hata nilitumia maneno gani. Mama Baluku alikuwa ameshazunguka upande wa pili. Alifungua mlango, akabonyeza mkanda.

"Shuka, mutoto. Hii ndiyo kwenu. Angalia, ni mama yako ile."

Mkanda ukarudi polepole, na safari hii Bwambale aliuona kwa macho yake, akapiga magoti kwenye vumbi. Yule mama akamwaga maji chini, pale mtu angekanyaga akishuka. Wale wazee wawili hawakuwa na lugha moja. Walishikana tu wakalia, mmoja kwa sababu wake amefika, na mwingine ninyi mnajua kwa nini. Tulipowasha gari lilikuwa kimya.

Njia yote ya kurudi mama alikuwa akihema kwa shida, lakini ukimwambia tupumzike anakataa. Mubuku alishuka akaita tena. Nyamwamba akasema maneno yake, Kikonzo, kisha Kiswahili. Sote watatu tukakaza masikio. Injini tu. Akarudia. Hakuna kitu.

"Alichoka kuningoja," akasema. "Si makosa yake."

Akalaza kichwa begani mwangu. Pale njia panda ya Kikorongo Bwambale alisimama kununua chai. Nikamgeukia mama kumwamsha anywe, nikamwita, nikamgusa shavu. Bwambale alirudi na vikombe akanikuta nimemlaza mapajani, na hakuhitaji kuuliza. Vikombe vilimponyoka barabarani.

Mjini kuna hospitali, najua, lakini tulijua pia kwamba amekwisha kwenda. Tukaendelea. Mbele yetu kulikuwa na Nyamugasani, na sasa yeye ndiye aliyepaswa kuambiwa. Bwambale alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, hakuna neno lililotoka, mabega yanamtikisika juu ya usukani. Basi nikasema mimi, niliyekuwa naicheka desturi, kwa Kikonzo changu kibovu kwanza, halafu kwa Kiswahili.

"Mama, tunafika Nyamugasani. Tunavuka. Twende nyumbani."

Ti-ti-ti-ti-ti!

Naapa. Mama alikuwa nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, nimemshika. Na taa nyekundu inawaka kwa ajili ya kiti cha mbele! Halafu gari likajaa harufu. Vitunguu. Vitunguu vibichi, vimeng'olewa sasa hivi, vina udongo. Bwambale alitoa mguu kwenye mafuta, gari likasimama lenyewe darajani.

"Kaka," akasema.

Alipoitwa na mama yake hakuja. Alikuja kumsindikiza. Bwambale akamfunga mkanda, na harufu ile haikututoka mpaka Bwera. Tulipofika, kabla ya kilio, kabla majirani hawajaelewa, mimi nilizunguka mbele nikafungua mlango nikamfungua mkanda kwanza. Ulirudi polepole.

Sasa hivi mama na mwanawe wamelala pamoja nyuma ya nyumba. Gari bado tunalo, na kiti cha mbele hakikaliwi na mtu, hata mvua ikinyesha na watu tumejazana nyuma. Mimi nikipanda gari la mwingine likaanza kulia ule mlio, nashuka hata kama ni porini. Nimeshamwambia Bwambale, siku yangu ikifika aniambie mito yote, Kiswahili kinanitosha.

Na wewe unayesikia, cha rahisi ghali. Ukiuziwa gari kwa bei ya kutupa, acha kwanza injini. Weka kiganja juu ya kiti uulize nani alikaa hapa, na muuzaji akikuapia huku anatazama simu, rudi kwenu kwa miguu. Lakini ikiwa umeshamfunga mtu mkanda, hata kama humwoni, nakusihi, mkifika mfungue.